Kriketi na wahamiaji: mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao ni wapi?

Msikilizaji, ikiwa umewahi kwenda Umra au Hija katika miaka ya karibuni, huenda jina la Al-Sulimaniyah si geni masikioni mwako. Mjini Jeddah, ni mtaa wenye stesheni ya treni ya mwendo kasi inayowapeleka mahujaji Makka na Madina. Mjini Riyadh pia uko mtaa wenye jina hilo hilo, wenye maofisi, maduka na hoteli. Makala yetu ya historia wiki hii yanaanzia huko, kisha yatatufikisha Mombasa, Kampala, Nairobi na Kigali, kufuatilia mchezo mmoja ambao wengi wetu tumeusikia kwa jina tu: kriketi.

Ijumaa alfajiri, kabla jua halijawa kali na kabla ya watu kujitayarisha kwa sala ya Ijumaa, makundi ya wanaume hutoka katika mitaa ya miji hiyo miwili wakiwa na magongo ya mbao mabegani. Ni madereva, wahasibu, mafundi wa umeme, wauza maduka na wahandisi. Wengi wao ni watu wa Pakistan, India, Bangladesh na Sri Lanka. Hutafuta kiwanja kitupu chenye mchanga na changarawe, au eneo la kuegesha magari lililo wazi siku ya mapumziko. Mpira wao mara nyingi ni ule wa tenisi uliozungushiwa utepe wa plastiki ili uende kasi. Pembeni husimama watoto wao, wakingoja mpira upotee ili wapate nafasi ya kuukimbilia.

Kwa msikilizaji asiyeufahamu mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Timu mbili za watu 11 hupokezana. Mrushaji anautupa mpira kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, na mpigaji anavilinda vijiti hivyo kwa gongo lake. Akiupiga mpira mbali, anakimbia kwenda upande wa pili, na kila safari inahesabiwa kuwa mkimbio mmoja. Mpira ukiviangusha vijiti, au ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji anatoka, na hapo husemwa wiketi imeanguka. Kila mipira sita inaitwa ova. Hayo ndiyo mambo ya msingi. Mengine hujifunzwa kwa kukaa pembeni ya uwanja tangu utotoni, kama wale watoto wa Riyadh na Jeddah.

Wageni na mchezo wao

Sensa ya Saudi Arabia ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na kati yao milioni 13.4 hawakuwa raia. Wabangladeshi peke yao walizidi milioni 2, na Wahindi na Wapakistani walikaribia milioni 2 kila upande. Umati wa namna hiyo hauhami na nguo tu. Huhama na vyakula vyake, nyimbo zake na michezo yake. Saudi Arabia ilipoingia katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, mwaka 2003, wachezaji wake walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa asili ya Asia ya Kusini. Shirikisho rasmi la kriketi la ufalme huo liliundwa mwaka 2020.

Kisha fedha zikafuata. Mwezi Novemba mwaka 2024, mnada wa wachezaji wa ligi kuu ya India ulifanyika Jeddah kwa siku mbili. Humo, mchezaji Rishabh Pant alinunuliwa kwa rupia milioni 270, zaidi ya dola milioni 3 za Marekani, bei ambayo haikuwahi kufikiwa katika ligi hiyo.

Basi katika mji mmoja kuna mnada wa mamilioni, na kuna mtoto anayengoja mpira upotee. Mtoto huyo amezaliwa hapo, lakini kibali cha baba yake cha ukaazi kikimalizika, huenda akaondoka. Akiupenda mchezo huu tangu utotoni mpaka uzeeni, atauchezea wapi, na atamchezea nani? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwao ni wapi?

Swali hilo si jipya, msikilizaji. Lilishaulizwa kwetu Afrika Mashariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na majibu yaliyopatikana yanafaa kusikilizwa hata Riyadh.

Reli, klabu na uzio

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kazini, wengine wengi walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Baada yao wakaja wafanyabiashara, makarani na walimu. Hawa ndio waliokuwa wakaazi wageni wa zama zile, mfano wa madereva na wahasibu wa Riyadh ya leo.

Kriketi ilikuja kwa njia mbili kwa wakati mmoja: mikononi mwa maofisa wa Kiingereza na mikononi mwa wahamiaji wa Kihindi. Lakini haikuchezwa pamoja. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1910 pambano kubwa lilikuwa baina ya maofisa wa serikali na walowezi, Wazungu kwa Wazungu. Mwaka 1933 likaanza pambano la Wazungu na Waasia. Kila jumuiya ilijenga klabu yake na kiwanja chake. Nairobi palikuwa na klabu ya Masingasinga, klabu ya Waismailia, klabu ya Wagoa, klabu ya Waislamu na klabu za Wahindu.

Na Mwafrika? Mwafrika alikuwamo uwanjani, lakini kama mfanyakazi: mkata majani, mpishi, mlinzi wa lango. Mtoto wake alikuwa nje ya uzio, akitazama. Hakuna sheria ya kriketi iliyosema mtoto huyo asicheze. Uzio ulitosha.

Kombe la Dunia la kwanza

Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume lilifanyika Uingereza mwezi Juni mwaka 1975. Timu nane zilishiriki, na mojawapo iliitwa Afrika Mashariki. Nahodha wake alikuwa Harilal Shah. Katika kikosi cha wachezaji 14, walio wengi walikuwa Waasia wa Afrika Mashariki. Waafrika weusi walikuwa wawili tu, na wote walitoka Uganda: Samuel Walusimbi na John Nagenda.

Nagenda alizaliwa Gahini, nchini Rwanda, mwaka 1938, katika familia ya wahubiri, akasoma Uganda mpaka Chuo Kikuu cha Makerere. Alikuwa mwandishi wa riwaya, na baadaye mshauri wa rais na mwandishi wa safu ya gazeti iliyosomwa na wengi. Lakini tarehe 7 Juni mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 37, alikuwa mrushaji mpira katika uwanja wa Edgbaston, Birmingham, dhidi ya New Zealand.

Siku ile haikuwa njema. New Zealand walipata mikimbio 309, na mpigaji wao Glenn Turner peke yake alipata 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki walijibu kwa 128. Nagenda aliangusha wiketi moja, na hakucheza tena katika mashindano hayo. Timu ilishindwa mechi zake zote tatu. Lakini mapenzi yake hayakuisha siku ile. Aliendelea kuuzungumzia mchezo huo na kuuandikia mpaka uzeeni. Alifariki dunia mwezi Machi mwaka 2023.

Waganda wawili walifikaje pale, wakati Kenya yenye viwanja vingi haikuwa na Mwafrika mweusi hata mmoja kikosini? Jibu ni shule. Uganda ilikuwa na shule za bweni kama King's College Budo, Busoga College Mwiri, Namilyango na Ntare, ambako walimu waliwafundisha wanafunzi wa Kiafrika kriketi kama walivyowafundisha hesabu. Katika shule hizo mtoto hakuhitaji kuzaliwa katika jumuiya fulani ili aguse gongo.

Pigo la 1972

Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka na masanduku machache. Klabu zilizokuwa zao zilibaki bila wachezaji, bila waamuzi na bila wafadhili. Kwa hesabu ya kawaida, kriketi ya Uganda ingekufa mwaka ule.

Haikufa. Ilidhoofika, ikakosa mipira na vifaa, ikapita katika vita na umaskini, lakini mashindano ya shule yaliendelea kuzaa wachezaji. Mjini Kampala, uwanja wa Lugogo ukawa chuo cha pili. Wafanyakazi wa uwanja waliishi karibu, na watoto wao walikua wakiuona mchezo kila siku. Mmoja wa watoto hao ni Frank Nsubuga, aliyezaliwa mwaka 1980. Ndugu zake, Lawrence Sematimba na Roger Mukasa, nao wote waliichezea Uganda.

Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 16, Nsubuga alicheza mashindano ya kufuzu ya ICC nchini Malaysia. Alicheza kwa jina la Afrika Mashariki na Kati, kwa kuwa Uganda ilikuwa bado haijapata uanachama wake yenyewe. Iliupata mwaka uliofuata. Msikilizaji, liweke jina la kijana huyo moyoni, tutarudi kwake.

Kenya: kupanda na kushuka

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waasia wengi walibaki, na klabu zao zilibaki imara. Baada ya uhuru, taratibu, malango yakafunguliwa. Vijana wa Kiafrika waliokulia karibu na viwanja vya Nairobi waliingia katika klabu kama Swamibapa na Aga Khan. Waliingia kwa familia: akina Tikolo, yaani Tom, David na Steve, akina Odumbe, yaani Edward na Maurice, na baadaye akina Obuya, yaani Kennedy, David na Collins. Kaka alimvuta mdogo wake.

Matunda yalionekana tarehe 29 Februari mwaka 1996 mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia la kwanza la Kenya. Kenya walipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, mabingwa wa dunia mara mbili. Kisha West Indies wakaanguka kwa 93. Nyota wao Brian Lara alitoka kwa mikimbio 8, mpira wake ukidakwa na Tariq Iqbal. Nahodha Maurice Odumbe aliangusha wiketi tatu, na Rajab Ali tatu. Tazama majina ya kikosi kile: Tikolo, Odumbe, Suji na Odoyo wakiwa bega kwa bega na Chudasama, Modi na Karim. Uzio ule wa mwaka 1933 ulikuwa umelala chini.

Mwaka 2003 Kenya ilikwenda mbali zaidi. New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya shambulio la Kikambala, wakapoteza pointi. Lakini tarehe 24 Februari Sri Lanka walikwenda, na wakafungwa kwa mikimbio 53 katika uwanja wa Nairobi Gymkhana. Collins Obuya, kijana ambaye vyombo vya habari vya wakati ule vilisimulia kuwa aliwahi kuuza nyanya, aliangusha wiketi tano. Baadaye, dhidi ya Australia mjini Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye umri wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu na kuitwa tena, aliangusha wiketi tatu kwa kutoa mikimbio 7 tu. Kenya, chini ya nahodha Steve Tikolo, ikafika nusu fainali. Ikashindwa na India tarehe 20 Machi, lakini hakuna nchi isiyo na hadhi ya juu ya kriketi iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Kisha, msikilizaji, jengo likaanza kupasuka. Mwaka 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mcheza kamari. Wachezaji na viongozi waligombana juu ya malipo, migomo ikafuata, na mwaka 2005 chama cha zamani kikabadilishwa na kuundwa kipya. Katika Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilishindwa mechi zote sita. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, hadhi ambayo ilikuwa nayo kwa zaidi ya miaka 15.

Sababu zimetajwa nyingi: fedha, uongozi, rushwa. Zote zina uzito. Lakini ukiyatazama majina, unaona sababu nyingine iliyo chini yake. Kikosi kile kikubwa kilitokana na familia chache na klabu chache za mji mmoja. Malango yalifunguliwa kwa wale waliokuwa wamesimama karibu na uzio. Mtoto wa Kakamega au wa Garissa hakuwa na uzio wa kuchungulia. Akina Tikolo na Obuya walipozeeka, nyuma yao hapakuwa na safu ya kutosha. Mto ulikuwa na maji mengi, lakini chemchemi yake ilikuwa moja.

Mzigo wa wakimbizi

Sasa tutazame Rwanda, nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji, ambako kriketi haikuwa na mizizi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni walianza kurudi nyumbani. Waliokulia Uganda na Kenya walikuwa wamejifunza mchezo huu mashuleni, nao wakarudi nao. Mwaka 1999 chama cha kriketi kikaanzishwa. Kwa miaka mingi kiwanja chao kilikuwa Kicukiro, katika eneo la iliyokuwa shule ya ufundi ya ETO. Ni mahali pale pale ambapo mwezi Aprili mwaka 1994 watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia hifadhi waliachwa bila ulinzi, na wengi wao wakauawa.

Mwaka 2017 uwanja mpya ulifunguliwa Gahanga, nje kidogo ya Kigali. Na mwezi Januari mwaka 2023, wasichana wa Rwanda wenye umri wa chini ya miaka 19 walicheza Kombe lao la Dunia nchini Afrika Kusini, wakazishinda Zimbabwe na West Indies. Wengi walishangaa. Lakini aliyefuatilia safari ya mchezo huu hakushangaa. Wakimbizi waliuleta, kisha wakawapa watoto wote, hata wasichana ambao baba zao hawakuwahi kushika gongo.

Mtoto wa Lugogo afika Guyana

Tuliahidi kurudi kwa Frank Nsubuga. Mwezi Novemba mwaka 2023, mjini Windhoek, Uganda iliishinda Zimbabwe, na siku chache baadaye ikaishinda Rwanda na kufuzu kwa Kombe la Dunia la mechi za ova 20. Tarehe 5 Juni mwaka 2024, nchini Guyana, Uganda ikacheza na Papua New Guinea. Nsubuga alikuwa na umri wa miaka 43, mchezaji mzee kuliko wote katika mashindano yale. Alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne tu, akaangusha wiketi mbili. Hakuna mrushaji aliyekuwa amewahi kutoa mikimbio michache hivyo kwa ova nne katika Kombe hilo. Rekodi hiyo ilivunjwa siku chache baadaye, lakini ushindi haukufutika: Uganda ilishinda kwa wiketi tatu, ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Na mpigaji aliyeiokoa Uganda siku ile, baada ya wenzake watano kutoka mapema, alikuwa Riazat Ali Shah, mzaliwa wa Pakistan. Kikosini walikuwamo pia wazaliwa wa India. Nchi iliyowafukuza Waasia mwaka 1972 ilishinda mwaka 2024 kwa mkono wa mtoto wa Lugogo na mkono wa mhamiaji mpya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku tatu baadaye Uganda iliangushwa na West Indies kwa mikimbio 39 tu. Safari bado ni ndefu. Lakini Nsubuga hakuwa amengoja miaka 27 ili ashinde kila siku. Alingoja kwa sababu tangu utotoni hakuna aliyemwambia kuwa kiwanja kile si chake.

Somo kwa Riyadh na Jeddah

Turudi basi pale tulipoanzia. Kriketi husafiri na watu: vibarua wa reli, walimu wa shule, wakimbizi wanaorejea, wahasibu wa Riyadh. Mhamiaji ndiye mpandaji, na hilo halihitaji mnada wala jengo kubwa. Linalohitaji uamuzi ni nani atakayevuna. Kenya ilifungua lango kwa waliokuwa karibu, ikang'ara kwa kizazi kimoja. Uganda na Rwanda ziliupeleka mchezo kwa mtoto yeyote aliyekuwa darasani, na zinaendelea kupanda hatua kwa hatua.

Kanuni za ICC zinamruhusu mtu kuichezea nchi aliyozaliwa, au aliyoishi kwa miaka mitatu. Kwa hiyo karatasi inamtambua mtoto yule wa kiwanja cha changarawe. Bado haijajulikana kama kiwanja kitamtambua, na kama mtoto wa Kisaudi wa jirani naye atakaribishwa kuushika upande wa pili wa gongo. Harilal Shah na wengi wa wenzake, waliosafiri kwenda Uingereza mwaka 1975, walikuwa watoto wa wahamiaji wanaowakilisha ardhi ambayo wengine waliwaambia si yao. Waliicheza hata hivyo.

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Historia ya mchezo huu Afrika Mashariki inaonyesha kwamba kwao si pale alipozaliwa babu wa mchezaji. Kwao ni pale alipokuwa mtoto, mpira ukaruka uzio, akauokota, na mtu akamwambia: usiurushe tu huku, ingia nao.

Msikilizaji, hadi hapo ndipo makala yetu ya historia kwa wiki hii yanapofikia tamati.